Masafa Yapo, Mji Haumo

Tangu Wakanada walipopiga kura tarehe 28 Aprili 2025, mjadala juu ya redio na televisheni ya umma nchini humo umechukuliwa kana kwamba umekwisha. Pierre Poilievre, kiongozi wa chama cha Conservative, alikuwa ameahidi kwa miaka kadhaa kuikatia CBC, upande wa Kiingereza wa shirika la umma la utangazaji, fedha za serikali na kuibakiza Radio-Canada, yaani upande wa Kifaransa wa shirika hilohilo. Alishindwa uchaguzi, akapoteza hata kiti chake cha Carleton, ikambidi arudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Agosti huko Alberta. Serikali ya Waziri Mkuu Mark Carney nayo, katika bajeti ya Novemba mwaka huohuo, ikatenga dola milioni 150 za ziada kwa shirika. Wapenzi wa redio ya umma wakashusha pumzi. Wapinzani wao wakabaki wakisema kwamba hata wangeshinda wao, Kifaransa hakikuwa hatarini.

Naona pande zote mbili zimelishika swali lisilo lenyewe. Upande mmoja unauliza kama Radio-Canada itabaki, upande mwingine unauliza itapewa shilingi ngapi. Kwa mtu anayeishi Montréal, jiji kubwa la Québec, jimbo la wasemaji wa Kifaransa, maswali hayo yanatosha. Kwa wasemaji wa Kifaransa walio nje ya Québec, waliozungukwa na Kiingereza kila upande, hayatoshi hata kidogo, kwa sababu shirika linaweza kubaki zima, fedha zikaongezeka, na redio ya mji wao ikafa huku masafa yake yakiendelea kusikika saa 24. Swali lao ni jingine: ni saa ngapi kwa wiki mji wao unasikika kwenye redio hiyo, na ni nani anayelazimika kisheria kuzilinda saa hizo? Nasema hivi si kwa kukisia. Jambo hili limeshatokea, katika mji wa Windsor, kusini kabisa mwa jimbo la Ontario, mwaka 2009.

Windsor inakaa ukingoni mwa mto Detroit, na ng'ambo ya pili ni jiji la Detroit lenyewe, Marekani. Anayewasha redio pale hupokewa na wimbi la vituo vya Michigan, vyote vya Kiingereza, juu ya vile vya Kiingereza vya upande wa Kanada. Mgeni angedhani Kifaransa kimeletwa huko jana na serikali kuu iliyoko Ottawa kwa ajili ya kutimiza sheria. Ukweli ni kinyume. Antoine de Lamothe Cadillac alijenga ngome yake Detroit mwaka 1701, na kufikia 1749 wakulima wa Kifaransa walikuwa wanagawiwa mashamba kwenye ukingo wa kusini, penye Windsor ya leo. Hakuna makazi ya kudumu ya Wazungu katika Ontario yaliyotangulia hayo. Mpaka leo mtu akipita katikati ya mji anasoma historia hiyo kwenye vibao vya barabara: Ouellette, Pelissier, Goyeau, Drouillard, Pillette. Wanaoishi kwenye barabara hizo wengi hawajui kuyatamka majina hayo kama walivyoyatamka wenyewe, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya.

Mwaka 1912 serikali ya Ontario ilitoa Kanuni ya 17, iliyokibana Kifaransa shuleni kisivuke miaka ya mwanzo ya elimu ya msingi. Kanuni hiyo ilitekelezwa hadi 1927. Windsor na vitongoji vyake havikukaa kimya: mwaka 1917, katika kitongoji cha Ford City, waumini wa parokia ya Notre-Dame-du-Lac waliziba mlango wa kanisa lao kumzuia padri mpya aliyeletwa na askofu waliyemwona kuwa adui wa shule za Kifaransa, na polisi wakaja na virungu. Miaka 60 baadaye vita vilikuwa vilevile, silaha tu ndizo zilizobadilika. Bodi ya shule ya wilaya ya Essex ilikataa katakata kujenga sekondari ya Kifaransa, hadi bunge la Ontario lilipotunga sheria maalumu mwaka 1977 kuilazimisha. Shule hiyo, L'Essor, ilifunguliwa 1979. Nayasimulia haya kwa sababu moja. Kituo cha CBEF, redio ya Radio-Canada ya Windsor, kilipoanza kurusha matangazo mwaka 1970 kwenye masafa ya 540, kilitua katikati ya ugomvi huo. Hakikuwa pambo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wale kuzisikia habari za halmashauri yao, mahakama yao na hali yao ya hewa katika lugha ambayo mababu zao walipigiwa virungu kwa ajili yake.

Historia pana ya redio ya Kifaransa nje ya Québec nayo ina jambo ambalo mjadala wa leo umelisahau. Kanada ilipounda tume yake ya kwanza ya utangazaji wa umma mwaka 1932, vipindi vya Kifaransa vilisikika nchi nzima, na wasikilizaji wa Kiingereza wa Ontario na majimbo ya magharibi wakaja juu. Shirika la CBC lilipochukua nafasi ya tume hiyo mwaka 1936, suluhu ikawa kutenganisha mitandao miwili, Kiingereza huku na Kifaransa kule, na Kifaransa kikabaki zaidi upande wa mashariki. Watu wa magharibi hawakungoja. Walichanga wenyewe, parokia kwa parokia, wakasaidiwa na michango kutoka Québec, wakafungua CKSB huko Saint-Boniface, Manitoba, mwaka 1946, CHFA ya Edmonton mwaka 1949, na vituo viwili vya Saskatchewan, Gravelbourg na Saskatoon, mwaka 1952. Shirika la umma lilikuja nyuma yao. Mwaka 1964 liligeuza kituo chake kimojawapo cha Toronto, CJBC, kiwe cha Kifaransa moja kwa moja, na malalamiko yakazuka mjini. Vancouver ilipata kituo chake 1967, Windsor 1970. Kisha katika miaka ya 1970 shirika likavinunua vile vituo vya magharibi vilivyojengwa kwa michango.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Shirika lilipovinunua, jamii zile ziliacha kujiendeshea redio kwa sababu ziliahidiwa kwamba sasa taifa limeubeba mzigo. Watu walikabidhi chombo walichokijenga kwa mikono yao, na ujuzi wa kukiendesha ukahama nacho. Kwa hiyo redio ya umma inapopungua leo, hairudi mahali ilipoikuta jamii mwaka 1946. Inaiacha jamii pabaya zaidi, haina kituo cha umma wala kile chake cha zamani. Anayesema «soko litaziba pengo» inabidi kwanza aeleze kwa nini soko halikuliziba kabla ya michango ya parokia.

Sasa turudi 2009. Baada ya msukosuko wa fedha duniani, CBC/Radio-Canada ilitangaza upungufu wa dola milioni 171 na kufuta nafasi za kazi zipatazo 800 nchi nzima. Kila mkoa ulikatwa, lakini Windsor ilikatwa mpaka mfupani. Vipindi vilivyotengenezwa mjini, vilivyokuwa vinazidi saa 30 kwa wiki, vikashuka hadi karibu saa tano. Chumba cha habari kikabaki na watu wa kuhesabika. Muda uliobaki ukajazwa na matangazo kutoka Toronto na Montréal. Na hapa naomba msomaji aangalie kwa makini kisichotokea. Kituo hakikufungwa. Leseni haikurudishwa. Mnara uliendelea kusimama na masafa ya 540 yaliendelea kusikika. Kwenye ramani ya shirika, Windsor ilikuwa bado na redio ya Kifaransa, na waziri yeyote angeweza kusimama bungeni akasema hivyo bila kudanganya. Lakini aliyetaka kujua kilichoamuliwa jana usiku na halmashauri ya mji wake ilimbidi afungulie Kiingereza.

Wasemaji wa Kifaransa nje ya Québec wana lalamiko la miaka mingi, kwamba mtandao wao unawapa foleni za magari kwenye madaraja ya Montréal, na wapo wanaolichukulia kama mzaha. Kutoka Windsor hadi Montréal ni karibu kilomita 900. Mtu anayesikia kila siku kwamba mambo ya lugha yake yanatokea mahali pengine hujifunza, bila kuambiwa, kwamba mahali alipo ni pa lugha nyingine. Mtoto hujifunza hilo upesi zaidi kuliko mzazi.

Wananchi wa Windsor waliunda kamati, SOS-CBEF, na mamia ya malalamiko yakamfikia Kamishna wa Lugha Rasmi, wakati huo Graham Fraser. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: Radio-Canada ni taasisi ya serikali kuu, na tangu 2005 Sheria ya Lugha Rasmi inazitaka taasisi hizo zichukue hatua za kuzistawisha jamii za lugha iliyo ndogo, tena kwa wajibu unaoweza kupelekwa mahakamani. Je, kuna aliyejiuliza pigo hilo lingefanya nini kwa jamii hiyo kabla ya kukata? Shirika lilijibu kwamba mambo ya vipindi si ya Kamishna. Ni ya CRTC, mamlaka inayotoa leseni za utangazaji, na yamezungushiwa ukuta wa uhuru wa uhariri. Kesi ikaenda Mahakama ya Shirikisho. Mwaka 2014 jaji aliwapa walalamikaji sehemu kubwa ya walichotaka, kwamba Kamishna naye ana mamlaka juu ya jambo hilo. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo. Kwa upande wa mahakama, watu wa Windsor waliondoka mikono mitupu.

Lakini katikati ya kesi hiyo kulitokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. CRTC iliposikiliza maombi ya shirika ya kuongezewa muda wa leseni, watu wa Windsor walipeleka malalamiko yao huko pia. Uamuzi ulitoka mwaka 2013 ukiwa na sharti: CBEF irushe angalau saa 15 kwa wiki za vipindi vya mji wake. Saa hizo zikarudi. Fedha za nyongeza hazikuzirudisha, wala mabadiliko ya moyo wa mkurugenzi fulani, wala ahadi ya mwanasiasa. Zilirudishwa na sentensi moja iliyoandikwa kwenye leseni, yenye namba ndani yake.

Nikiishika sentensi hiyo mkononi, ndipo ninapoweza kuipima ahadi ya Poilievre kwa haki. Ahadi hiyo ina hoja nzito, na wanaoipuuza wanakosea. Hoja ni kwamba msikilizaji wa Kiingereza ana vituo vingi vya binafsi na bahari yote ya Marekani, ilhali wa Kifaransa nje ya Québec hana. Kwa hiyo fedha ya umma iende penye uhitaji. Kimantiki hilo linasimama, na lingeweza hata kuwa neema kwa Windsor, kama Radio-Canada ingekuwa kitu kinachoweza kung'olewa na kupandwa peke yake. Lakini angalia jinsi idhaa hizi zinavyoishi. Windsor, CBEF inakaa jengo moja na idhaa ya Kiingereza, kwenye barabara ya Riverside. Toronto, Kifaransa kimo ndani ya jengo kuu la CBC la barabara ya Front. Vancouver ni vivyo hivyo, barabara ya Hamilton. Idhaa ya Kiingereza ya Windsor ilipohamia FM mwaka 2011, masafa yake ya zamani ya 1550 yalirithiwa na idhaa ya Kifaransa. Ndugu mdogo kavaa nguo ya kaka yake. Mafundi wa mitambo, minara, ulinzi, joto la jengo wakati wa baridi, kamera inayotumwa kwenye ajali barabara kuu ya 401, vyote hivyo vinabebwa kwa kiasi kikubwa na upande wenye wasikilizaji wengi.

Québec hali ni tofauti. Huko Radio-Canada ni jitu lenye nyumba yake, hadhira yake na matangazo ya biashara yake, na likitenganishwa litayumba lakini litasimama. Kwa hiyo mtu wa Québec akisikia «tutaibakiza Radio-Canada», anasikia kweli tupu. Mtu wa Windsor, wa Sudbury au wa Regina akisikia maneno yaleyale anatakiwa aulize nani atalipa kodi ya pango. Mpango wa kuvunja nusu ya nyumba na kubakiza nusu ungemwangukia kwanza yule aliyepanga chumba cha uani. Na lipo la kisheria pia: Bunge hulipa fedha hizi kwa shirika moja, na Sheria ya Utangazaji ya 1991 inalilinda shirika hilo lisiamriwe na serikali juu ya vipindi vyake. Kubagua kati ya lugha mbili kungehitaji sheria kuandikwa upya, na kila inapoandikwa upya, wenye kura chache ndio huwa mbali na meza.

Kuna hoja nyingine ambayo naisikia mara nyingi, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba hawa watu wote wanajua Kiingereza, na asiyeridhika ana intaneti ya kusikiliza Paris. Sehemu ya kwanza inachukua matokeo ya kubanwa na kuyafanya sababu ya kubana zaidi. Mtu wa Windsor anajua Kiingereza kwa sababu hakuachiwa njia ya kutokukijua. Kukijua hakumaanishi kwamba haki yake imekwisha, kama vile Mmakonde anayejua Kiswahili hajaacha kuwa na lugha yake. Sehemu ya pili inachanganya lugha na mahali. Redio za Paris ni nzuri sana, na hazitamwambia mkazi wa Belle River, karibu na Windsor, kama mabasi ya shule yanatembea leo. Tena tangu Agosti 2023 kampuni ya Meta imezuia habari kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada, ikipinga sheria inayoitaka ilipe vyombo vya habari. Jamii ndogo zilizokuwa zimehamishia mazungumzo yao huko zilijikuta haziwezi hata kutumiana habari ya gazeti la mtaani kwao. Aliyesema intaneti itaziba pengo la redio alikuwa anaegemea mlango ambao ufunguo wake uko California.

Hoja yenye nguvu zaidi inatoka kwa watu wanaozipenda jamii hizi kwa dhati. Wanasema: achaneni na shirika kubwa, jengeni redio za kijamii. Wanao mfano mzuri. Saint-Boniface kuna Envol 91, redio ya jamii iliyopo hewani tangu 1991, katika mji uleule wa CKSB ya Radio-Canada, na zipo nyingine nyingi, hasa huko Acadie, yaani kwenye jamii za Kifaransa za majimbo ya mashariki ya pwani. Redio hizi zina kitu ambacho shirika limekipoteza: haziamuliwi kutoka mbali. Mtangazaji wake anakutana na wasikilizaji dukani. Nakubali hayo yote, na ningependa ziongezwe mara tatu. Lakini redio inayotegemea watu wa kujitolea na matangazo ya duka la mikate haiwezi kumweka mwandishi mahakamani wiki tatu, wala kumpeleka kwenye kikao cha bajeti kinachokwisha usiku wa manane, wala kumlipia wakili meya anapotishia kushitaki. Uandishi wa habari wa namna hiyo ni kazi ya mshahara. Redio ya jamii na redio ya umma zinafanya kazi mbili tofauti, na ni hatari kuitumia moja kama kisingizio cha kuiua nyingine. Mwenye kushauri hivyo kwa nia njema huwa anamwandalia mkataji hotuba yake.

Kuhusu gharama, sitalikwepa. Kwa kila msikilizaji, redio ya Windsor ni ghali kuliko ya Toronto, na Kifaransa kwa jumla hupata fungu kubwa kuliko idadi ya wasemaji wake. Sensa ya 2021 ilikuta nje ya Québec wenye Kifaransa kama lugha yao rasmi ya kwanza ni asilimia 3.3 tu. Ukipiga hesabu kwa kichwa cha msikilizaji, utafunga vituo hivyo vyote kabla ya saa sita mchana. Lakini nchi iliyosema katika katiba yake kwamba ina lugha mbili rasmi haikusema «mbili, pale inapolipa». Ingekuwa hesabu ya vichwa ndiyo kanuni, barabara za vijijini zisingejengwa, wala shule ya kisiwani.

Linalonigusa zaidi, na ambalo hesabu hiyo hailioni, ni kwamba wasikilizaji wenyewe wanabadilika. Ottawa ilijiwekea mwaka 2003 lengo kwamba asilimia 4.4 ya wahamiaji wanaopokelewa nje ya Québec wawe wasemaji wa Kifaransa. Ililifikia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na tangu hapo imelipandisha mara kadhaa. Watu hao wanatoka wapi? Wengi wanatoka Afrika: Kongo, Burundi, Rwanda, Kameruni, Côte d'Ivoire, Moroko. Manitoba ililitambua hilo kisheria mwaka 2016, ilipoweka tafsiri mpya ya nani ni wa jamii ya Kifaransa, ikamwingiza na yule ambaye Kifaransa si lugha yake ya mama bali anaishi nacho. Mwaka uliofuata jumuiya kuu ya huko ikabadili hata jina lake ili wageni nao waone limewataja. Mgeni njoo, mwenyeji apone: jamii iliyokuwa ikihesabu vifo vya wazee wake imepata watoto wapya madarasani.

Hapa ndipo habari ya Windsor inapotufikia sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Shangazi yangu alitoka Uvira akafika huko akiwa mtu mzima. Nyumbani Kiswahili, kichwani Kifaransa alichofundishwa na masista, Kiingereza hamna. Majira yake ya baridi ya kwanza, redio ndogo ya jikoni ilimwambia kwa Kifaransa kwamba mabasi ya shule ya Essex hayatembei kwa sababu ya barafu. Akawaamsha wajukuu kuwaambia walale. Ananisimulia mpaka leo kwa sauti ya mtu aliyeshinda tuzo, kwamba asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza tangu kufika Kanada yeye kuwa mwenye kujua na wengine kuwa wenye kuambiwa. Wako maelfu kama yeye Windsor, Winnipeg, Edmonton, wanaoingia nchi ya Kiingereza kupitia mlango wa Kifaransa kwa sababu ndio mlango waliopewa ufunguo wake na wakoloni wa Kibelgiji. Serikali inayowaita waje kwa sababu wanasema Kifaransa, kisha ikawaacha katika miji ambako Kifaransa hakisemi lolote juu ya mji, imewaita nusu.

Kwa hiyo sioni furaha niliyotarajiwa kuiona katika zile milioni 150. Ni fedha njema, na nisingependa zirudishwe. Lakini zimeingia mfuko mmoja wa shirika, na shirika ndilo linalogawa, kwa vigezo vyake, kama lilivyogawa mwaka 2009. Desemba 2023, wakati serikali iliyokuwepo ilikuwa rafiki wa shirika, shirika lilitangaza tena kufuta nafasi 600 za kazi na kuacha nyingine 200 bila kujazwa. Urafiki wa serikali haukuzuia. Pascale St-Onge, alipokuwa waziri, alipendekeza Februari 2025 fedha za shirika ziongezwe karibu mara mbili, hadi takriban dola 62 kwa kila mwananchi kwa mwaka. Hata hizo zingepatikana zote, mkurugenzi aliyeketi Montréal bado angekuwa huru kuamua kwamba Windsor inatosha kwa saa tano.

Linalofuata kutokana na hayo ni kazi isiyo na mvuto wa kampeni. Masharti ya leseni huandikwa upya kila leseni inapoisha muda, na mwelekeo wa wadhibiti miaka hii ni kulipatia shirika nafasi zaidi ya kujipangia, kwa kuwa watu wanahamia kwenye intaneti. Ndani ya nafasi hiyo namba kama saa 15 zinaweza kuyeyuka bila mtu kupiga kura wala gazeti kuandika. Jamii za Kifaransa za nje ya Québec zina sababu ya kudai namba iwepo kwa kila kituo, itajwe kwamba vipindi vitengenezwe mjini na watu wanaoishi mjini, na kwamba mabadiliko yoyote yatanguliwe na tathmini ya athari kwa jamii. Sheria ya Lugha Rasmi ilifanyiwa marekebisho makubwa Juni 2023, na wajibu wa taasisi kupima athari za maamuzi yao ukaongezewa nguvu. Bado haijajaribiwa mbele ya shirika la utangazaji kama ile ya zamani ilivyojaribiwa, na mtu wa kuijaribu atatoka tena katika mji mdogo, kwa fedha yake na muda wake, kama ilivyokuwa mara ya kwanza.

Wiki ina saa 168. Windsor ilipigania saa 15 kati ya hizo kwa miaka minne.